Sarafu yenye sura ya Yesu sio ya enzi za Yesu, soma kabla hujanunua

Kwenye kitengo chetu cha sarafu hapa makumbusho maswali yamezidi, hasa kutoka kwa ndugu zetu wanaoenda Istanbul kufuata mzigo wa nguo au kusoma. Mtu anatuma picha ya sarafu ya shaba iliyochakaa, ina sura ya Yesu, muuzaji kamwambia ilitumika Yerusalemu Yesu akiwa hai. Jamani haiwezekani. Enzi hizo hela ya Kirumi ilikuwa na sura ya Kaisari, hata Injili inasema. Sura ya Yesu ilianza kuwekwa kwenye sarafu miaka ya 690 chini ya Justinian wa Pili, mfalme wa Konstantinopoli, ndiyo Istanbul ya leo, ikatoweka, halafu ugomvi wa kuvunja sanamu na picha takatifu ulipoisha mwaka 843 ikarudi tena. Hizo za shaba mnazotuma nyingi ni za kuanzia karibu mwaka 970, nyuma zimeandikwa kwa Kigiriki Yesu Kristo Mfalme wa wafalme.

Na ile M kubwa mnayoiona kwenye sarafu nyingine za shaba sio Maria! Wagiriki waliandika namba kwa herufi, M ni 40, K ni 20, I ni 10, ndio thamani ya hiyo sarafu, utaratibu wa kaisari Anastasius tangu 498.

Dola ya Bizanti, yaani dola ya Kirumi ya mashariki iliyotawaliwa kutoka Konstantinopoli, ukitaka kuijua shika dhahabu yake. Kaisari Constantine, karne ya 4, aliagiza sarafu 72 zitoke kwenye ratili moja ya Kirumi, kila moja kama gramu 4.5, na dhahabu ikabaki safi karibu miaka 700, wafalme wanapinduana, Waarabu wanachukua Misri na Syria, sarafu haijaguswa. Ilipofika karne ya 11 wakaanza kuichanganya na madini ya fedha, na baada ya kupigwa na Waturuki pale Manzikert mwaka 1071 ikaharibika kabisa mpaka mfalme Alexios Komnenos akatoa mpya 1092. Mwaka 1204 wapiganaji wa msalaba, Wakristo wenzao, wakaupora mji wa Konstantinopoli, na hilo linaniuma hadi leo. Wabizanti wakaurudisha 1261 ila hazina ilikuwa tupu, kabla ya 1400 dhahabu walishaacha kupiga, na tarehe 29 Mei 1453 Mehmed wa Pili, sultani wa Waturuki, akauteka mji.

Sasa sheria. Uturuki wana sheria namba 2863 ya mwaka 1983, ukiokota kitu cha kale unatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 3, kwa makumbusho ya karibu au mkuu wa kijiji, na kukitoa nje ya nchi kimagendo ni kifungo cha miaka 5 hadi 12 pamoja na faini. Risiti ya dukani sio kibali cha kusafirisha. Kibali kinatolewa na mamlaka ya huko, sio na muuzaji, sio na wakala wa mizigo, na ukikwama uliza ubalozi wako mapema maana sisi hatuwezi kukutetea uwanja wa ndege.

Kama mtu anakuuzia, usilipe kwanza. Omba picha ya pande zote mbili na uzito kwa gramu, ututumie, na tafadhali msizisugue kwa limau.