Paka aliyeacha kula haringi: dhana potofu na ukweli wake

Asubuhi ya kwanza paka wangu wa kijivu alipoacha chakula chake, nilibadilisha chakula. Asubuhi ya pili nikabadilisha bakuli. Ya tatu nikamkaripia kabisa, nikamwambia anadeka. Siku zote hizo alikuwa akija mbio nikitikisa mfuko, anainama, ananusa, anachukua punje moja, kisha anageuza kichwa upande kama mtu aliyeng'ata jiwe, na ile punje inaanguka sakafuni. Siku ya nne niliiokota. Ilikuwa na uzi wa mate wenye damu.

Nitarudi kwake. Nimeanza naye kwa sababu maneno niliyomwambia asubuhi ile ndiyo ninayoyasikia kwa karibu kila mwenye paka aliyeacha kula, na maneno hayo yanachelewesha matibabu ya wanyama ambao wangepona.

"Anaringa tu. Njaa ikimbana atakula."

Hii ndiyo dhana hatari kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Paka ni mnyama wa kula nyama. Mwili wake umezoea kupata protini kila siku, na haujui kubana matumizi kama mwili wa binadamu anayefunga. Chakula kisipoingia, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini huanza kumiminika kwenda kwenye ini ili yageuzwe nguvu. Ini la paka haliwezi kuyashughulikia kwa kasi hiyo. Mafuta yanajaa ndani ya chembe zake, ini linavimba na kushindwa kazi. Hapo paka anapata kichefuchefu, na mwenye kichefuchefu hasogelei bakuli. Ndiyo maana ile hesabu ya "njaa itamrudisha" inavunjika: kadiri anavyokaa bila kula, ndivyo anavyozidi kutotaka kula.

Tatizo hili linaweza kuanza baada ya siku chache tu za kutokula. Ukifunua mdomo ukaona ufizi umekuwa na rangi ya manjano, au weupe wa macho na ngozi ya ndani ya masikio imegeuka manjano, ini limeshaathirika na hakuna cha kusubiri. Tiba yake kuu ni chakula chenyewe, mara nyingi kupitia mrija unaowekwa shingoni na kuingia kwenye umio, kwa wiki kadhaa. Watu wengi wakisikia habari ya mrija wanaona ni ukatili. Nawaelewa, lakini paka wengi huuvumilia vizuri, wanatembea nao, wanalala nao, na wengi waliowahiwa hupona kabisa.

Kipimo ninachokifuata ni hiki: paka mkubwa akipitisha saa 24 bila kutia chochote tumboni, napiga simu kwa daktari wa mifugo. Akila chini ya nusu ya kawaida yake kwa siku mbili au tatu, vilevile. Mtoto wa paka hana muda huo. Akikosa milo miwili mitatu mfululizo anahitaji kuonwa siku hiyohiyo, kwa kuwa sukari ya damu yake hushuka haraka. Na mtoto ambaye hajachanjwa, anatapika, amezubaa na hataki kula, anaweza kuwa na ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa paka ndani ya siku chache.

"Huyu mnene, ana akiba ya kutosha."

Ni kinyume chake. Paka mnene ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya ini kujaa mafuta, kwa sababu ndiye mwenye mafuta mengi ya kulifurika. Kamwe usimpunguze uzito kwa kumnyima chakula ghafla.

"Amekichoka chakula chake."

Inawezekana. Kuna paka wanaokataa mfuko uliokaa wazi mpaka mafuta yake yakachacha, au chakula ambacho mtengenezaji amebadilisha viungo vyake kimyakimya, au bakuli lililowekwa karibu na sanduku la mchanga wanamojisaidia. Ila paka wa namna hiyo anakataa chakula kimoja, hakatai vyote. Mpe kitu anachokipenda kuliko vyote. Akikikataa na hicho, acha kununua mifuko mipya na anza kumtazama.

Kumtazama ndiyo kazi yenyewe. Kaa chini, kimya, dakika tano, mbele ya bakuli. Paka asiyekula anaweza kuwa hataki, au hawezi, au anataka ila tumbo linamkatalia, na kila mmoja ana namna yake ya kuonyesha.

Anayekuja kwa hamu kisha anarudi nyuma, anayetafuna upande mmoja, anayedondosha chakula, anayemeza bila kutafuna, anayejipangusa mdomo kwa mguu wa mbele: mtazame kinywani. Anayesogea, ananusa, analamba midomo, anameza mate mara kwa mara, kisha anageuka, pengine akikwangua sakafu kana kwamba anafukia uchafu: huyo ana kichefuchefu, na chanzo chaweza kuwa figo, ini, kongosho au utumbo. Kongosho la paka likivimba, mara nyingi hatapiki sana wala hataonyesha maumivu ya tumbo kwa wazi. Utamwona tu amepoa na hataki kula. Asiyekuja kabisa, amejikunyata chini ya kitanda, ana homa, au maumivu, au hofu.

Halafu yupo mwenye mafua. Paka hutegemea pua kuliko ulimi. Ladha ya tamu hata haijui, kwa kuwa jeni inayohusika na ladha hiyo haifanyi kazi kwake. Pua ikiziba, chakula kinakuwa hakina maana. Mpanguse makamasi kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, pasha chakula laini mpaka kifikie joto la mwili wake, yaani kama nyuzi 38, kikoroge pasiwe na sehemu inayounguza, kisha umpe. Kwa paka mwenye mafua mepesi hilo peke yake linaweza kumrudisha kwenye bakuli. Lakini saa 24 zile zinamhusu na yeye.

Na ukitaka kubadilisha chakula cha paka mwenye afya, changanya kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10.

"Angekuwa na jino bovu angelia."

Paka wangu hakulia hata mara moja. Alijilamba kama kawaida, alipanda dirishani kama kawaida. Daktari aliinua mdomo wake kwa kidole gumba, upande wa kushoto, akanionyesha jino la chini la shavuni: ufizi ulikuwa umepanda juu ya jino kama kidoa chekundu cha nyama, pale jino linapokutana na ufizi. Alipoligusa kwa kifaa chembamba, taya la paka lilitetemeka lote. Sijasahau mtetemo ule.

Lile halikuwa jino lililotobolewa na sukari kama yetu. Ni ugonjwa wa kawaida sana kwa paka, ambapo chembe za mwili wenyewe zinalila jino mpaka neva inabaki wazi. Chanzo chake hakijaeleweka vizuri, na halizibiki. Dawa ni kuling'oa. Sehemu kubwa ya uharibifu hujificha chini ya ufizi, hivyo inahitajika picha ya eksirei, paka akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Jioni ya siku aliyong'olewa meno mawili, alikula chakula laini mpaka akalamba bakuli. Nililia, kwa furaha na kwa aibu ya ile siku ya kumkaripia.

Paka huficha maumivu. Usisubiri kilio. Nusa kama mdomo una harufu mbaya, tazama udenda, tazama manyoya yanayoanza kuchafuka kwa sababu kujilamba kunamuuma.

"Ananguruma kwa raha, kwa hiyo haumwi." "Pua ina unyevu, kwa hiyo mzima."

Paka hunguruma akiwa na raha, na hunguruma pia akiwa anaumwa, ameogopa, au anazaa. Pua nayo hukauka na kulowa mara nyingi kwa siku bila kuhusiana na ugonjwa wowote. Joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38.1 na 39.2, na linajulikana kwa kipimajoto peke yake.

"Amefunga choo, ndiyo maana hali."

Kama ni dume, simama hapahapa. Dume anayeingia na kutoka kwenye sanduku la mchanga, anachuchumaa, anakaza, pengine analia, na mchanga unabaki mkavu, huenda hana tatizo la choo kikubwa hata kidogo. Huenda njia ya mkojo imeziba. Njia hiyo kwa dume ni nyembamba mno, na plagi ndogo ya ute na chembechembe za madini yatosha kuifunga. Mkojo usipotoka, sumu zinarudi kwenye damu, potasiamu inapanda, moyo unapoteza mapigo yake. Kuacha kula na kutapika ni dalili za kuwa saa zimeshapita. Mpeleke usiku huohuo, hata kama ni saa tisa alfajiri. Hili halisubiri asubuhi.

"Kwanza tumtibu nyumbani."

Nia ni njema, lakini hapa ndipo paka wengi wanapoumia.

Parasetamo inaua paka. Ini lake halina uwezo wa kuivunja kama letu. Kidonge kimoja kinaweza kutosha, kikaharibu damu isibebe oksijeni, ufizi ukageuka rangi ya kahawia au buluu na uso ukavimba. Usimpe hata kipande.

Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, na anayeharisha bila kula anakauka maji upesi. Supu uliyopika kwa ajili ya watu kwa kawaida ina kitunguu, na kitunguu, kibichi, kilichopikwa au cha unga, huvunja chembe nyekundu za damu yake. Kitunguu saumu ni kikali zaidi.

Kumlisha kwa nguvu kwa bomba la sindano kunaonekana ni upendo. Paka mwenye kichefuchefu akilazimishwa chakula, anakihusisha chakula kile na ile hali mbaya, na anaweza kukichukia hata baada ya kupona. Chakula pia kinaweza kupita njia ya hewa kikaingia mapafuni. Fanya hivyo tu kama daktari amekuelekeza na kukuonyesha.

Na ukiona uzi umetokeza mdomoni au mkunduni, usiuvute. Unaweza kuwa umenasa chini ya ulimi huku mwisho wake uko ndani ya utumbo, na kuuvuta ni kuukata utumbo kama msumeno.

Jambo moja zaidi: kagua maua ya ndani. Maua ya lili, kuanzia chavua, majani, mpaka maji ya chombo yalimowekwa, huharibu figo za paka ndani ya siku mbili tatu. Paka aliyejilamba chavua kwenye manyoya kisha akaacha kula na kutapika anahitaji daktari sasa hivi.

"Amezeeka, wazee hawali sana."

Uzee haukati hamu ya kula. Magonjwa ya uzeeni ndiyo yanayoikata. Figo zinazochoka ni jambo la kawaida kwa paka wazee, na dalili ya mapema ni kunywa maji mengi na kukojoa sana, miezi kabla ya kuacha kula. Wengine wana maumivu ya viungo, bakuli liko juu ya meza, hawawezi tena kuruka. Lishushe tu. Kichefuchefu cha figo kina dawa, hamu ya kula ina dawa pia: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya mirtazapini ya kupaka ndani ya sikio la paka anayekonda. Kwa hiyo kumwacha ajiishie kwa sababu ya umri ni kumnyima msaada uliopo.

Wapo pia wanaoacha kula bila ugonjwa wowote: aliyehamia nyumba mpya, aliyeletewa paka mwenzake, aliyechanjwa jana, jike anayetafuta dume au anayekaribia kuzaa, na yule anayeshiba kwa jirani kabla hajarudi. Muulize jirani. Lakini hata paka mwenye hofu ana ini lilelile, na saa zake zinahesabiwa vilevile.

Unapokwenda kwa daktari, andika kwenye karatasi: mara ya mwisho alikula nini na lini, anakunywa kiasi gani, alikojoa lini na alipata choo lini, ametapika mara ngapi, kimebadilika nini nyumbani, dawa gani amepewa, uzito wake wa zamani kama unaujua. Na umpige video ya nusu dakika akiwa mbele ya bakuli lake. Mezani kwa daktari paka hatakula wala hatanusa, atajikunyata tu, na ile namna yake ya kukataa haitaonekana kwingine ila kwenye simu yako.