Liberia na mahakama isiyofika

Hapa Tanga nikisema kazi yangu ni haki ya mpito, yaani nchi ikishatoka vitani walioua na waliofiwa waishije tena mtaa mmoja, watu wananitajia Arusha na kesi za Rwanda. Sawa, ila inayoniuma zaidi mimi ni Liberia.

Vita vyao viwili, 1989 mpaka 1997 halafu 1999 mpaka 2003, inakadiriwa viliua watu 250,000. Mkataba wa amani ukasainiwa Accra Agosti 2003, wakaahidi tume ya ukweli na maridhiano, na kweli tume ikakaa, watu wakasema mazito, wengine walioua wenyewe wakaja wakakiri hadharani. 2009 ripoti ikatoka ikitaka mahakama maalumu ya kuwashtaki wahalifu wa vita, na watu kadhaa, akiwemo Rais Ellen Johnson Sirleaf aliyekuwa madarakani, wafungiwe uongozi miaka 30. Mahakama ya Juu 2011 ikasema kuwafungia vile ni kuvunja katiba, na ile mahakama maalumu nayo ikaishia kwenye makaratasi.

Wengi wanadhani Charles Taylor, kiongozi wa waasi aliyekuja kuwa rais wa Liberia, kupigwa miaka 50 mwaka 2012 ndo haki ya Waliberia. Hapana jamani! Kesi ile ilikuwa ya Sierra Leone, kwa aliyowafanyia watu wa kwao hajawahi kushtakiwa. Mashahidi wa Lofa, mkoa wa kaskazini mwa Liberia, ilibidi wapande ndege mpaka Uswisi ndo Alieu Kosiah, aliyekuwa kamanda wa waasi, akafungwa miaka 20, mwaka 2021.

Kuna mzee pale barazani Ngamiani hunibishia, "Mwanangu, ya vita yaacheni wazee wayamalize." Namheshimu, na Waliberia wenyewe wana baraza lao, Palava Hut, tume yenyewe ililikubali, ila kwa mambo kama kuporana mali. Sasa Julai 1990 pale Monrovia wanajeshi wa serikali waliua watu kama 600 waliokimbilia kanisa la Kilutheri, hilo mzee gani atalimaliza, na anasamehe kwa niaba ya nani?

Mei 2024 Rais Joseph Boakai kasaini amri ya kuunda ofisi ya kuandaa ile mahakama maalumu, nikafurahi mno, lakini bila hela na bila ulinzi wa mashahidi haitafika popote, na waliofiwa 1990 wanazeeka, na watuhumiwa nao wanaondoka. Prince Johnson, kiongozi wa waasi, yule wa kwenye video vijana wake wakimkata masikio Rais Samuel Doe, kafariki Novemba 2024 akiwa seneta, kizimbani hajapanda hata siku moja.