Barua itaje kitu, bei ibaki kwenye leja

Kompyuta 12 za msaada ziliingia ofisini kwa shirika letu ndani ya maboksi matatu. Dereva alitaka sahihi, mlinzi akaitia, na mimi mhasibu nikaja kujua wiki moja baadaye. Kuzifungua: 7 ziliwaka, 3 hazina chaja, 2 zimepasuka vioo. Na barua ya shukrani ilishaondoka, inasema tumepokea "kompyuta mpya 12".

Tangu siku hiyo kitu hakivuki mlango bila hati ya mapokezi: tarehe, mtoaji, kitu, idadi, aliyepokea, na masharti ya mtoaji kama yapo. Safu ninayoing'ang'ania zaidi ni ya hali ya kitu. Hapo ndipo thamani inapoanzia.

Thamani yenyewe ni ya siku ya kupokea, kwa kitu kilivyo. Sifuati bei ya dukani ya kipya, wala tarakimu aliyoiandika mtoaji, ambayo mara nyingi ndiyo aliyonunulia miaka minne iliyopita. Kwa zile kompyuta nilitafuta bei za wauzaji watatu wa mitumba ya aina ileile, nikazichapa na kuziambatisha kwenye vocha, karatasi inayothibitisha kinachoandikwa kwenye hesabu. Mkaguzi wa hesabu haulizi tu umeandika ngapi, anauliza umeipata wapi. Kisha kwenye leja, daftari kuu la hesabu, debiti vifaa, krediti mapato ya misaada ya vitu: upande mmoja vifaa vinaongezeka, upande wa pili mapato. Kama ni bidhaa za kugawa, zinakaa kwenye hesabu ya ghala hadi zitoke, ndipo zinapogeuka gharama. Wenzangu hunung'unika kwamba pesa haikutembea, ya nini kuandika? Waulizeni mwaka ambao mtoaji ameacha kuleta na bajeti haina kifungu cha kununua.

Huduma za kujitolea ni mtihani zaidi. Kanuni za uhasibu za Marekani zinakubali huduma inayojenga au kuboresha mali, au inayohitaji utaalamu, ikatolewa na mwenye utaalamu huo, na ambayo shirika lingelazimika kuilipia. Wakili akikuandalia mkataba bure, andika. Wakili huyohuyo akikupangia viti vya mkutano, mshukuru tu.

Sasa barua. Itaje kitu, idadi na tarehe, bei isiwemo. Hukohuko Marekani, anayedai nafuu ya kodi kwa mchango wa dola 250 au zaidi lazima awe na barua ya shirika inayoeleza kilichotolewa na kusema kama alipewa chochote badala yake. Kukadiria thamani ni kazi yake mwenyewe. Ukimwandikia bei, umejitia kwenye mazungumzo yake na watu wa kodi, na hukualikwa.

Kwa zile kompyuta niliandika barua ya pili, nikaeleza zinazowaka, zisizo na chaja na zilizopasuka. Nilidhani mtoaji atakasirika. Siku nne baadaye akatuma chaja 3, nazo nikazikatia hati yake.