Je, wajua kwa nini filamu za Theda Bara karibu zote zimepotea?

Theda Bara, mwigizaji wa Marekani, alicheza filamu zipatazo 40, zote za sinema bubu. Zilizosalia nzima leo zinahesabika kwa vidole. Cleopatra ya 1917, iliyompa sifa kubwa, imebaki vipande vifupi tu. Picha zake za matangazo, zile za wanja mzito, zipo tele.

Alizaliwa Theodosia Goodman mwaka 1885, binti wa fundi cherehani wa Kiyahudi mjini Cincinnati, Ohio. Kampuni ya filamu ya Fox ilipomtoa na A Fool There Was mwaka 1915, ikamzushia asili nyingine: eti kazaliwa jangwani Misri! Uzushi huo umeishi kuliko filamu zenyewe. Mkataba wake na Fox ulikwisha 1919, na kazi zake nyingi zikabaki mikononi mwa kampuni hiyo.

Mikanda ya enzi ile ilikuwa ya nitrati ya selulosi, jamaa wa karibu wa baruti ya pamba. Ikiwaka hujitolea oksijeni yake, hivyo hata ukiizamisha majini huendelea kuwaka. Hata bila moto huoza. Hutoa gesi ambazo zikikutana na unyevu huwa asidi, na asidi hiyo huzidisha uozo. Kwanza picha hufifia na mkanda kugeuka rangi ya kahawia, kisha hunata, hutoa mapovu, huganda bonge moja, mwishowe huwa unga. Mkanda uliooza kiasi hicho, ukikaa siku kadhaa kwenye joto la nyuzi 40 hivi, unaweza kujiwasha.

Ndilo lililotokea Little Ferry, New Jersey, tarehe 9 Julai 1937, wakati wa joto kali. Ghala la Fox halikuwa na matundu ya hewa ya kutosha, gesi zikajaa, likalipuka usiku. Mikebe zaidi ya 40,000 iliteketea na mtoto mmoja wa jirani akafa. Kosa kubwa, kwa maoni yetu, lilikuwa kurundika nakala mama pamoja na nakala nyingine mahali pamoja. Lakini sinema bubu zilikuwa hazina soko tena. Kilichookotwa majivuni kilitakiwa kwa madini yake ya fedha tu.

Siku hizi mikanda ya nitrati huhifadhiwa kwenye nyuzi 4 hivi, pakavu, katika mikebe isiyozibwa kabisa ili gesi zipate pa kutokea.