Chambo cha kutengeneza kwa kambare: ni nini, na hufanyaje kazi majini

Chambo cha kutengeneza ni mchanganyiko uliokandwa, uliochachushwa au uliogandishwa ili ukae kwenye ndoano mahali pa mnyoo, dagaa au kipande cha samaki. Ndani yake huwamo kitu chenye protini, kama damu, maini, jibini lililooza au samaki waliosagwa. Huwamo kitu cha kushikilia, kama unga au nyuzi. Na mara nyingi chumvi au kiungo cha kuongeza ladha. Marekani jambo hili limekuwa biashara kamili. Samaki anayelengwa huko ni hasa Ictalurus punctatus, kambare mwenye vidoa ubavuni na mkia uliogawanyika kama panda, na maduka ya vifaa vya uvuvi humwekea rafu nzima ya makopo, kila kopo likijigamba kwamba linanuka kuliko la jirani yake.

Hapo kwenye kunuka ndipo wengi wanapopotea. Harufu inayomfanya binadamu azibe pua ni ile inayopaa hewani. Samaki hapati hewa hiyo. Anachopata ni kile kilichoyeyuka majini, na vitu hivi viwili havilingani. Kopo linaweza kunuka hadi mke akufukuze nalo jikoni na bado likawa halitoi chochote cha maana likiwa mita tatu chini ya maji. Kuna pia donge la unga na dagaa ambalo wewe huoni lina harufu gani, na kambare analifuata kutoka mbali.

Sababu iko kwenye ngozi yake. Kambare ameenea vionja ladha mwili mzima: kwenye sharubu, midomoni, kwenye mapezi, ubavuni hadi mkiani. Kwa yule wa Marekani vinahesabiwa kuwa zaidi ya laki moja. Kuanzia miaka ya 1970 mtafiti John Caprio wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana alipima neva za sharubu zake na kuonyesha kwamba zinaitikia asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, hasa alanini na arjinini. Kiasi kinachotosha kuamsha neva hizo ni kidogo mno, chini ya sehemu moja ya milioni ya gramu katika lita ya maji. Kabla yake, mwaka 1967, Bardach na wenzake walichapisha katika jarida la Science jaribio lililofanywa kwa jamaa za samaki huyo. Waliozibwa pua waliendelea kufika kwenye chanzo cha ladha bila taabu. Walioondolewa vionja vya upande mmoja walianza kuzunguka, wakigeukia upande uliobaki. Kwa hiyo kambare hafuati chambo kwa pua peke yake. Analinganisha ladha ya kushoto na ya kulia, anageuka palipo kali zaidi, anasonga, analinganisha tena.

Ukishalijua hilo, kazi ya chambo cha kutengeneza inakuwa wazi, na ugumu wake pia. Kinatakiwa kiyeyuke, ili kiache njia ya ladha majini. Na kinatakiwa kishike, ili samaki akifika akute kitu kwenye ndoano. Hizi ni kazi mbili zinazovutana. Kinachoyeyuka upesi huacha ndoano tupu baada ya dakika chache. Kinachoshika kama udongo wa mfinyanzi hakitoi ladha. Kila kichocheo unachokisikia, kiwe cha siri au cha wazi, ni jaribio la kupatanisha mambo hayo mawili.

Kuoza kunaingia hapa, na ndiyo maana jibini na damu huachwa zichache. Protini nzima ni kubwa na haiyeyuki kirahisi. Bakteria wanapoivunja, asidi amino hutoka zikiwa huru, tayari kusambaa majini. Lakini bakteria hao hao wakiachiwa muda mrefu huzila asidi hizo na kuzigeuza kuwa amonia na gesi. Uvundo unapanda, manufaa yanashuka. Mtu anayejivunia kopo lililokaa juani tangu mwaka jana anajivunia kitu ambacho kilikuwa bora zaidi wiki ya kwanza.

Mafuta nayo yana sifa kubwa kuliko yanavyostahili. Mafuta hayayeyuki majini, yanaelea. Ukimwagia chambo mafuta ya samaki, sehemu kubwa itapanda juu wakati kambare yuko chini anapekua tope. Yanafaa kwa kiasi, kwa sababu hulainisha donge na kulizuia lisimomonyoke haraka. Hapo ndipo sabuni inapokuwa ya ajabu. Katika Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, wavuvi humtega vundu, yule kambare mkubwa wa Heterobranchus longifilis anayeweza kuzidi kilo thelathini, kwa kipande cha sabuni ya bluu ya kufulia. Mgeni akisikia hucheka. Lakini sabuni ni mafuta yaliyochemshwa na magadi makali hadi yakabadilika kuwa kitu kinachoyeyuka majini polepole, na baadhi ya sabuni za mche zimetokana na mafuta ya wanyama. Ngumu, inakaa kwenye ndoano, inatoa ladha kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukiangalia vigezo viwili vya hapo juu, imefaulu vyote. Sabuni ya kuogea yenye manukato haina sifa hiyo, na sioni haja ya kuijaribu.

Wamarekani hugawa vyambo hivi kwa ugumu wake, na mgawanyo huo unasaidia hata kwa anayetengeneza mwenyewe. Kuna cha kuchovya, kizito kama uji wa mtoto, ambacho hakiwezi kukaa kwenye ndoano chenyewe; huchovywa kipande cha sifongo au kimpira chenye mikunjo kilichovishwa ndoano, na mikunjo ndiyo inayoshika. Hiki hutoa ladha kuliko vyote na huisha upesi kuliko vyote. Kuna cha kudidimiza, kizito zaidi na chenye nyuzi ndani yake. Unaweka ndoano ya ncha tatu juu ya kopo, unaisukuma ndani kwa kijiti, unaivuta polepole, na nyuzi zinakuja nazo zimejizungusha kwenye ncha. Wanaotengeneza nyumbani hutumia sufi ya matete ya majini kama nyuzi. Kisha kuna donge, yaani unga uliokandwa na kufinyangwa kwa mkono. Na kuna damu iliyogandishwa, ikakatwa vipande na kukaushwa kidogo ili ipate ngozi ya nje.

Kwa Afrika Mashariki, donge ndilo lenye maana zaidi, kwa sababu vitu vyake viko sokoni na havihitaji friji. Kambare wetu ni Clarias gariepinus, anayeitwa pia kambale au mumi kutegemea mahali ulipo, na ana jozi nne za sharubu. Ni mlaji wa kila kitu: wadudu, konokono, samaki wadogo, mbegu, mizoga, makombo yanayooshwa kutoka machinjioni. Anatembea zaidi usiku, na maji yakichafuka kwa mvua macho hayamsaidii, anategemea sharubu. Samaki wa namna hii ndiye anayefaa kwa chambo cha ladha.

Anza na unga wa ngano, kwa sababu ndio wenye kunata. Unga wa mahindi peke yake humeguka. Ugali unashika tu ukiwa umepikwa mgumu, na hata hivyo ukikaa majini hupasuka. Vikombe viwili vya ngano kwa kimoja cha mahindi au pumba ni mwanzo mzuri. Ongeza kikombe cha dagaa waliokaushwa na kutwangwa wawe vumbi, wenye vichwa na matumbo yao, maana huko ndiko kwenye ladha. Badala ya maji kandia damu ya kuku au ya ng'ombe, na chumvi kijiko kimoja. Ukipata mashudu ya alizeti au pamba, weka kidogo. Kanda hadi donge lisigande mikononi, lifunge kwenye mfuko, liache kivulini siku moja au mbili. Ukilibonyeza lisipasuke na likikaa kwenye kikombe cha maji robo saa liwe limelegea juu lakini zima ndani, liko tayari. Kipimo hicho cha kikombe kina thamani kuliko kichocheo chochote. Kifanye nyumbani kabla ya kwenda mtoni.

Wengine huchemsha madonge madogo dakika mbili tatu. Nje hupata ganda, na donge hudumu zaidi mbele ya samaki wadogo wanaodona. Hasara yake ni kwamba ladha hutoka polepole. Palipojaa sato wadogo na furu, chemsha. Pasipokuwa nao, usijisumbue.

Maini ya kuku si ya kutengeneza kwa maana kamili, lakini yanafuata shida ile ile, kwa kuwa huchanika mara tu unaporusha. Dawa yake ni kipande cha soksi nyepesi ya nailoni: funga ini ndani, kaza kwa uzi, pitisha ndoano. Ladha inapenya kwenye matundu, ini halitoki. Damu iliyoganda pia hukaa vizuri humo.

Jinsi ya kukitega inategemea maji. Penye mkondo, ladha inakwenda na maji, na kambare anaipanda akitokea chini. Basi donge lako linawekwa upande maji yanakotoka, juu ya mahali unapodhani samaki wamelala: juu ya kina kirefu, juu ya gogo lililozama, juu ya kona ya mto. Ukilitupa katikati ya shimo lenyewe, nusu ya ladha inakwenda kwa samaki ambao hawapo. Chubwi liwe zito kiasi cha kulituliza chini, kwani chambo kinachoburutwa na maji hukatakata njia ya ladha na kumvuruga anayeifuata.

Maji yaliyotulia ni habari nyingine. Ladha hukusanyika pale pale kama wingu dogo, na samaki aliye mita thelathini hana habari. Hapo mvuvi ndiye wa kuhama: robo saa, nusu saa kwa wingi, ukiona kimya sogea. Au mwaga nafaka zilizochachuka, mahindi au mtama uliolowekwa siku tatu nne, ueneze eneo dogo, kisha uweke ndoano katikati. Wamarekani hufanya hivyo sana, ingawa kuna majimbo yanayoweka masharti kwa umwagaji huo. Upepo nao usaidie: upande wa bwawa unaopigwa na mawimbi madogo ndio wenye mwendo wa maji.

Cha kuchovya kirudie kila baada ya dakika kumi na tano hivi hata kama hakijaguswa. Kimpira bado kitakuwa na rangi, lakini ladha imekwisha, na hapa watu hupoteza saa nzima wakisubiri samaki waje kwenye plastiki.

Joto la maji lina neno pia. Samaki ana damu baridi. Maji yakipoa, analala na kula kidogo. Ndiyo maana Marekani vyambo hivi huhesabiwa kuwa vya majira ya joto, na baridi ikiingia wavuvi hurudi kwenye vipande vya samaki wabichi. Kwetu kikwazo hicho hakipo sehemu nyingi. Ziwa Victoria hukaa kwenye nyuzi joto ishirini na kitu mwaka mzima, kwa hiyo donge linafanya kazi Julai kama Desemba. Kinachobadilika ni mvua: mito inapofurika, kambare huingia kwenye majaruba na mabonde yaliyojaa maji ili kutaga, na ukimtafuta mtoni humkuti.

Ndoano ya ncha tatu inashika chambo laini vizuri, lakini kambare huimeza, na kuitoa kooni ni kumuua. Kama unavua wa kula, hakuna tatizo. Kama kuna wadogo unaotaka kuwarudisha, tumia ndoano moja ya duara na donge gumu. Hiyo hushika pembeni mwa mdomo.

Chambo hiki kina mipaka yake, na muuzaji wa makopo hawezi kukutajia. Ni cha samaki wanaookota. Huko Marekani kambare bapa, Pylodictis olivaris, akikua hutaka samaki hai, na jibini lako litakaa hapo hadi asubuhi. Kambare wa bluu wakubwa nao hupenda samaki aliyekatwa. Kwetu ni sangara: anawinda kinachotikisika, na donge la unga halimhusu. Kwake chambo kinachosifika ni kambare mdogo akiwa hai, kiasi kwamba wapo wafugaji wanaozalisha vifaranga vya kambare kwa ajili ya kuviuza kwa wavuvi wa ndoano za sangara.

Jambo jingine ni utupa. Wapo wanaochanganya majani ya utupa au dawa za kuua wadudu kwenye vyakula vinavyotupwa majini na kuviita chambo. Hiyo ni sumu, inaua hata wasioliwa, na Tanzania inaikataza katika Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003. Chambo humleta samaki kwenye ndoano akiwa mzima.

Kuhusu kuhifadhi: chochote kinachochacha hutoa gesi, hivyo mfuniko usikazwe kabisa, la sivyo kopo litapasuka ndani ya gari. Donge la ngano lenye chumvi hukaa siku nne tano kivulini. Lenye damu, siku mbili, halafu ukungu unaingia. Vaa mfuko wa plastiki mkononi unapokanda, na nawa kwa sabuni na ndimu kabla hujashika chakula.