Nani Atibiwe Bure, na Swali Hilo Liulizwe Lini?

Nilikuwa nasimamia wanafunzi wangu wa ustawi wa jamii kwenye mafunzo kwa vitendo, katika hospitali moja ya umma hapa Dar es Salaam. Saa mbili na nusu asubuhi dirisha la wazee wanaoomba kutibiwa bure lilikuwa limeshafurika. Babu mmoja wa Mbagala akafika ameshikwa mkono na mjukuu wake wa kike, mguu umevimba hata ndala haiingii.

"Shikamoo babu. Kitambulisho cha wazee unacho?" akauliza mhudumu wa dirishani.

"Marahaba mwanangu. Ninacho cha kupigia kura."

Cha kura hakikutosha. Ilitakiwa barua ya serikali ya mtaa yenye picha, na muhuri uguse picha. Mjukuu akaeleza kwamba kwa mjumbe walishakwenda, mjumbe akasema mzee huyu hamjui. Na kweli hamjui: babu alihamia mtaa ule miezi mitatu tu iliyopita, baada ya nyumba aliyopanga kuuzwa. Binti akapanda daladala kurudi Mbagala, babu akabaki kwenye benchi. Barua ilifika saa tisa alasiri, maabara imeshaacha kupokea wagonjwa wa nje. Babu alitibiwa kesho yake.

Mhudumu wa dirishani alifuata utaratibu, wala simlaumu. Ninaoulaumu ni utaratibu unaosubiri mtu augue, afike akiwa na maumivu, ndipo uanze kumchunguza kama ana uwezo au hana. Kwa hiyo watu wanaponiuliza nchi gani ina huduma bora za afya, mimi huwarudishia swali jingine: nchi hiyo huamua lini nani alipe?

Uingereza iliamua tangu tarehe 5 Julai 1948, ilipoanzisha huduma ya afya inayogharimiwa na kodi. Ukifika kwa daktari huulizwi kipato chako. Msimamo huo haukudumu wote: mwaka 1951 serikali iliamua kutoza meno bandia na miwani, na Aneurin Bevan, aliyeuanzisha mfumo ule akiwa waziri wa afya, akajiuzulu serikalini kwa kupinga. Ada ndogo ikishaingia, dirisha la kuulizana huingia nayo.

Ujerumani huamua siku ya mshahara. Tangu sheria ya bima ya ugonjwa ya mwaka 1883, enzi za kansela Bismarck, mchango hukatwa kabla fedha haijafika mfukoni, na leo mwajiri na mwajiriwa wanauchangia pamoja. Ni utaratibu mzuri sana pale ambapo watu wengi wana hati ya mshahara. Simama Kariakoo asubuhi uhesabu: mama lishe, mbeba mizigo, dereva wa bodaboda, machinga. Utamkata nani?

Ghana ililiona tatizo hilo. Kwa sheria ya mwaka 2003 iliweka tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma kwa ajili ya bima ya afya, hivyo kila anayenunua anachangia, awe na ajira rasmi au asiwe nayo. Watoto chini ya miaka 18 na wazee wa miaka 70 na zaidi hawadaiwi mchango wa mwaka. Umri ni kigezo chepesi kuthibitisha. Umaskini ndio mgumu.

Hapo ndipo Rwanda inanivutia. Kwa miaka mingi wanakijiji walikaa kikao na kuzipanga kaya katika madaraja, utaratibu waliouita ubudehe, na kaya za daraja la chini zililipiwa mchango wa bima. Manung'uniko hayakukosekana, maana kuna waliojiona wamewekwa daraja lisilo lao. Lakini ugomvi ulifanyika kijijini, mtu akiwa mzima, akiwa na nafasi ya kubisha. Haukufanyika dirishani mbele ya foleni.

Je, tuchukue hivyo hivyo? Nasita. Kikao cha kijiji kinafaa pale watu wanapojuana tangu utoto. Katika nyumba ya vyumba vinane Manzese, wapangaji wanapishana mlangoni na kuhama kabla hawajajuana majina. Mpangaji maskini wa mjini ndiye asiye na wa kumsemea.

Basi tuweke kompyuta, wengi husema. Kompyuta tunazihitaji, ila tuangalie tunazipa kazi gani. Estonia ilianza mwaka 2001 kuunganisha kumbukumbu za ofisi za serikali, na tangu 2010 cheti cha dawa kinatumwa kwa kompyuta, mgonjwa anakwenda duka la dawa na kitambulisho tu. Kilichowafikisha hapo ni kanuni kwamba taarifa ambayo serikali inayo tayari, raia asiulizwe tena. Uingereza nayo mwaka 2002 ilianza mradi mkubwa wa kompyuta kwa hospitali za England, ikatumia mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 ikatangaza kuuvunja. Fedha hazikukosekana pale.

Sisi taarifa tunazo, zimetawanyika. NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, wanamjua babu kwa jina na umri. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wana orodha ya kaya hizo. Mtaa una daftari la wakazi. Hospitali ina mfumo wake. Binti yule alikuwa anabeba kwa daladala taarifa ambazo zingepita kwenye waya kwa dakika moja.

Ada za huduma katika hospitali za serikali zilianza mwaka 1993, na misamaha ya kutolipa ikaja pamoja nazo. Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inayoweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na miongoni mwa vyanzo vyake ni ushuru wa vileo, vipodozi na vinywaji vyenye kaboni. Nimefurahi kuiona sheria hiyo. Kazi ngumu ni kumtambua anayestahili kabla hajaugua, na ninaiona Dar es Salaam kuwa ndiyo itakayotusumbua zaidi.

Wakati hayo yanajengwa, wewe mwenye mzazi aliyefikisha miaka 60 na hana uwezo, usisubiri homa. Mkihamia mtaa mpya, nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkaandikishwe, na mjitambulishe kwa mjumbe. Ulizeni kuhusu kitambulisho cha wazee. Mkikwama hospitalini, msiishie kwa mpokea fedha. Ombeni kumwona afisa ustawi wa jamii, yeye ndiye anayeshughulikia misamaha. Na barua ikishaandikwa, hakikisheni muhuri umegusa picha kabla hamjatoka ofisini.