Mtoto mwenye usonji na mtihani wa kuzungumza: maswali ya wazazi wa Mwanza

Binti yangu yuko kidato cha pili, Kirumba. Kiingereza cha kuandika anakiweza, ila kwenye mtihani wa kuzungumza anakuwa bubu. Ni aibu tu?

Kama hospitali imeshathibitisha ana usonji, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoitwa autism kwa Kiingereza, usikimbilie aibu. Wengi wenye usonji huhitaji muda zaidi kulipokea swali, kutafuta maneno na kuyatoa mdomoni. Mwalimu akisubiri sekunde mbili kisha akauliza upya kwa maneno mengine, amemrudisha mwanzo, tena sasa mtoto ana maswali mawili kichwani. Mwalimu ahesabu kimoyomoyo hadi kumi, mdomo ameufunga. Najua si rahisi. Tukiona kimya tunadhani mtu hajui.

Maswali nayo yanyooke. Ukimuuliza, "Unaweza kuniambia ulifanya nini jana?" anaweza kujibu "Ndiyo" akatulia. Hajakosea, umeuliza kama anaweza. "Eleza kuhusu maisha yako" ni ziwa lisilo na ng'ambo. "Taja vitu vitatu unavyoviona sokoni Mwaloni" lina pa kuanzia na pa kuishia. Na kama anapenda meli, aulizwe meli: mtu aliyekaa kimya asubuhi nzima anaweza kukueleza kivuko cha Kamanga hadi kengele ilie.

Alikatwa alama kwa kutomtazama mwalimu.

Hapo huwa nakereka. Nyumbani tumefundishwa kwamba kumkazia mtu mzima macho ni utovu wa adabu, shuleni tunamkata mtoto alama kwa kutokukazia! Kwa wengi wenye usonji, kutazamana kunavuruga usikivu. Akitazama meza ndipo anakusikia. Wakae ubavu kwa ubavu, na swali liandikwe pia kwenye karatasi.

Mara nyingine anarudia swali lote neno kwa neno. Anatania?

Hapana. Kwa wengine ndiyo njia ya kulishika swali wakati jibu linatafutwa. Mwacheni amalize.

Bibi yake anasema karogwa. Jirani anasema ni chanjo.

Si uchawi, si chanjo, wala si malezi yako. Ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana.

Wenzake hawatasema anapendelewa?

Watasema. Lakini mtihani unapima Kiingereza. Mvua ikipiga bati, darasa la jirani likiimba, mtoto akaziba masikio akapata sifuri, mwalimu amepima mvua. Chumba tulivu na dakika za nyongeza hazimpi hata neno moja la Kiingereza asilolijua.

Nianzie wapi?

Kwa mwalimu wa darasa, wiki kadhaa kabla. Omba mtoto akione chumba mapema, amjue atakayemuuliza, na aambiwe idadi ya maswali. Kukiwa na badiliko, aambiwe kabla ya siku yenyewe. Nyumbani mfanye mazoezi mafupi, dakika tano zinatosha, na akichoka mwache. Kama hajawahi kupimwa, nenda kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kwenda hospitali kubwa kama Bugando.